Barua ya Fakitori

Kila Januari kuna picha moja huzunguka kwenye simu zetu. Watoto wamepangwa mistari mbele ya bango la benki, kila mmoja na sanduku jipya la bati, sweta zao bado zina mikunjo ya dukani. Nyuma yao wamesimama meneja wa tawi, afisa wa elimu, pasta na chifu. Sisi tunaweka laiki, tunaandika "Mungu ni mwema" na kuendelea na shughuli zetu.

Mimi ni mzaliwa wa Embu, upande wa Runyenjes, na sasa naishi Meru mjini. Picha hiyo nimeiona ikipigwa Embu, Chuka, Nkubu, Meru na Maua. Sina ugomvi nayo. Mtoto aliyekuwa abaki nyumbani kuchunga mbuzi ameenda shule ya bweni, nani atabeza hilo? Swali langu ni lingine: kabla benki haijaingia kwenye picha, nani alisimama hapo nyuma? Maana watoto werevu wa maskini hawakuanza kuzaliwa huku Mlima Kenya mwaka wa 2010.

Nimekuwa nikiuliza wazee, nikisoma ninachopata, na jibu linalojirudia si mtu, ni mahali. Wazee wanasema: fakitori.

Lakini tuanze mapema kidogo. Shule zetu za kwanza zililetwa na wamishonari, na kila dhehebu lilijikatia sehemu yake. Waanglikana wa CMS walifika Kigari, Embu, mwaka wa 1910. Wamethodisti wakajenga Kaaga, Meru. Wakatoliki wa Consolata wakashika upande wao. Kanisa la Scotland likafika Chogoria mwaka wa 1922 na Daktari Clive Irvine, na hapo Chogoria pesa za kuanzia zilitoka kwa Ernest Carr, mfanyabiashara wa Nairobi. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema kwamba ushirikiano wa biashara na shule ni jambo jipya lililoletwa na mabenki, mwambie akaulize Chogoria. Umetimiza zaidi ya miaka mia.

Tofauti ni kwamba mwenye pesa alikuwa mmoja, na kilichofanyika kilikuwa uamuzi wake na wa misheni. Aliyetaka mtoto wake asome alifuata masharti ya misheni, kuanzia ubatizo hadi mila za kuacha.

Wenyeji nao hawakukaa wakitazama. Kuanzia 1925 wakoloni waliunda mabaraza ya wenyeji katika kila wilaya, yaliyojulikana kwa kifupi kama LNC. Mabaraza hayo yaliruhusiwa kukusanya ushuru wa mitaa, na sehemu kubwa ya mijadala yao ilihusu jambo moja: shule. Mkulima wa Embu au Meru ambaye hakujua kusoma alikuwa analipa shilingi zake ili mtoto wa mtu mwingine asome. Kisha zikaja shule huru, zile za watu waliogoma kuwa chini ya misheni. Zilienea kutoka Kiambu na Murang'a hadi Embu. Mwaka wa 1939 Mbiyu Koinange, aliyekuwa ametoka kusoma Marekani, alifungua chuo cha walimu Githunguri ili shule hizo zipate walimu wake zenyewe. Kilichangiwa na wananchi, marika yakishindana kuchanga. Unajua vile riika moja haiwezi kukubali kushindwa na nyingine. Serikali ya hali ya hatari ilikuja kuzifunga shule hizo kuanzia 1952, lakini somo lilikuwa limeshaingia: watu wasio na pesa nyingi wanaweza kusomesha, mradi kuwe na mahali pa kukusanyia.

Mahali hapo pakawa fakitori ya kahawa.

Hapa Meru na Embu tuna historia yetu ya pekee. Kwa miaka mingi kahawa ilikuwa zao la mlowezi. Mwafrika alikatazwa kuipanda, kisingizio kikiwa eti ataleta magonjwa na kuiba ya jirani, ilhali hofu kubwa ilikuwa kwamba akiwa na kahawa yake hatakuja kuchuma ya mzungu. Serikali ilipolegeza mwanzoni mwa miaka ya 1930, iliruhusu sehemu tatu tu zilizokuwa mbali na mashamba ya walowezi: Kisii, Embu na Meru. Miche ilihesabiwa. Afisa wa kilimo alipita akikagua. Baada ya Mpango wa Swynnerton wa 1954, wenye mashamba yaliyopimwa wakaruhusiwa kupanda kwa wingi, na vyama vya ushirika vikaota kila kijiji penye mto. Mto ni lazima, kwa sababu kahawa mbivu huoshwa kwa maji mengi.

Sasa elewa vile biashara hii inavyofanya kazi, maana hapo ndipo siri ilipo. Msimu mkubwa wa kuchuma huku kwetu ni Oktoba hadi Desemba. Unabeba gunia hadi fakitori, inapimwa, unapewa risiti yenye kilo na nambari yako ya uanachama. Hupewi pesa. Kahawa inamenywa, inaoshwa, inaanikwa, inapelekwa kukobolewa, kisha mnadani Nairobi. Pesa zinarudi baada ya miezi. Januari nayo haingoji mtu. Shule zinafunguliwa, mwalimu mkuu anataka karo, na wewe una karatasi tu ya kuonyesha kwamba una mali iko njiani.

Shosh yangu alikuwa na mkebe wa majani chai uliojaa karatasi hizo. Nilimwuliza siku moja mama na ndugu zake walisoma vipi, kwa sababu hesabu haikuwa inaingiana: watoto sita, shamba ekari mbili.

"Tuliandikiwa barua," akasema.

"Barua gani, Shosh?"

"Ya fakitori. Karani anaangalia kilo zako kwa kitabu, anaandikia mwalimu mkuu. Ukifika shuleni na barua, mtoto anaingia darasani. Kahawa ikilipwa, wanakata kwanza karo, wewe unapata iliyobaki."

"Na kama inayobaki ni sufuri?"

"Basi unarudi na sufuri. Lakini mtoto yuko darasani."

Nimeyasikia maneno kama hayo kutoka kwa wazee wa Manyatta, wa Mwimbi na wa Imenti Kusini, kila mmoja na namna yake. Kwingine ilikuwa barua, kwingine mkopo mdogo kutoka kitengo cha akiba cha muungano wa vyama vya ushirika, kwingine mwenyekiti mwenyewe alienda shuleni kuongea. Kiini ni kimoja. Fakitori haikumpa mzazi zawadi, ilimpa muda. Ilisema: huyu tunamjua, kilo zake ziko hapa, mvumilie.

Nisiipake rangi sana. Barua hiyo haikuwa ya kila mtu. Nambari ya uanachama mara nyingi ilikuwa ya mwanamume, kwa sababu upimaji wa mashamba wa miaka ya 1950 uliandika hati kwa majina ya wanaume. Mama alichuma, akabeba gunia mgongoni, akapanga foleni usiku, halafu malipo yakaingia kwa jina la mzee. Mzee akipenda kusomesha wavulana pekee, barua iliandikiwa wavulana pekee. Akipenda kupitia sokoni, ile iliyobaki iliishia sokoni. Mjane asiye na hati alikuwa na shida. Asiye na shamba hakuwa na chochote.

Halafu kuna ramani. Ukitoka Embu mjini ukashuka kuelekea Siakago au Ishiara, kahawa inaisha. Hewa inabadilika, udongo unabadilika, unaanza kuona mbuzi, mtama na ndengu. Mbeere haikuwa na fakitori ya kuandika barua. Tharaka vilevile. Ndiyo maana hadi leo, ukiwauliza wazee wa Mbeere kuhusu enzi nzuri za kahawa, watakutazama tu. Enzi hizo zilipita juu yao.

Baada ya uhuru, mkono wa fakitori ulipata wenzake. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alikuwa ameshaonyesha njia moja, aliposafirisha wanafunzi 81 kwenda vyuo vya Marekani kwa ndege moja. Tunapenda kuisimulia kama hadithi ya Mboya peke yake, lakini angalia nani walikuwa ndani. Vyuo vikuu vilitoa nafasi na ufadhili. William Scheinman, mfanyabiashara wa Marekani, alisaidia kuunda wakfu wa kutafuta nauli. Mwanabesiboli Jackie Robinson na msanii Harry Belafonte waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango. Na huku nyumbani vijiji viliuza kuku na mbuzi ili kijana asiondoke mikono mitupu. Hapo biashara, chuo kikuu na kijiji vilikuwa meza moja.

Mwaka wa 1966 ukaanzishwa Wakfu wa Jomo Kenyatta, na hii ni hesabu ninayoipenda. Ni kampuni ya serikali inayochapisha vitabu vya shule, na faida yake inasomesha wanafunzi werevu wasiojiweza katika shule za upili. Yaani mzazi wa Igembe akinunua kitabu cha darasa la tano, senti fulani inaenda kumlipia karo mtoto asiyemjua kule Embu. Wizara ya Elimu kwa muda fulani katika miaka hiyo ya 1960 ilikuwa chini ya Jeremiah Nyagah, mtu wa Embu aliyekuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa.

Kisha Harambee. Katika miaka ya 1970 shule za upili za Harambee zilifika mahali zikawa nyingi kuliko za serikali, na Mlima Kenya ulikuwa mstari wa mbele. Zikaja pia taasisi za teknolojia za Harambee, kila wilaya ikitaka yake. Meru ilipata chuo chake cha teknolojia, na baraza la wazee la Njuri Ncheke likatoa ardhi kule Nchiru, zaidi ya ekari 600. Tulia hapo kidogo. Kabla ya profesa yeyote, kabla ya wizara kuleta kibao, wazee waliovaa ngozi na kubeba fimbo walikaa chini wakakubaliana kwamba ardhi ya jamii iwe ya kusomea watoto wasiowajua. Chuo hicho kilikuwa chuo kikuu kishiriki mwaka wa 2008 na kupata hati mwaka wa 2013. Leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru.

Wakati huo kahawa nayo ilikuwa juu. Baridi kali ilichoma mibuni ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya dunia ikapaa 1976 na 1977, na huku kwetu watu wakajenga nyumba za mawe, wakanunua Datsun, wakalipa karo hata ya mpwa wa jirani. Wazee wakitaja miaka hiyo, wanatabasamu kwanza ndipo waongee.

Lakini mfumo mzima ulikuwa umefungwa kwenye kamba moja. Julai 1989 mkataba wa kimataifa wa kahawa, uliokuwa ukigawia kila nchi kiasi cha kuuza ili bei isianguke, ulivunjika. Bei zikaporomoka. Shida haikuja peke yake. Serikali, ikisukumwa na wakopeshaji wa nje, ilikuwa imeanza sera ya kugawana gharama tangu 1988: wazazi walipe zaidi shuleni na hospitalini. Mwaka wa 1991 sera hiyo ikawafikia wanafunzi wa vyuo vikuu, ile posho yao maarufu kama "boom" ikaanza kuwa hadithi, na mwaka wa 1995 ikaundwa HELB ya kutoa na kudai mikopo. Kwa lugha rahisi: karo ilipanda wakati uleule mkulima alipoishiwa.

Ndani ya vyama vya ushirika mambo yakaoza. Madeni, wizi, viongozi kupigana mikutanoni, vyama vikubwa kugawanyika vipande vipande hadi kila fakitori ikawa chama. Wengine waling'oa mibuni wakapanda mahindi. Barua ya fakitori ikipelekwa shuleni, mwalimu mkuu aliisoma na kuirudisha. Aliyeandika hakuaminika tena.

Benki iliingia kwenye pengo hilo.

Equity ilianza mwaka wa 1984 huko Kangema, Murang'a, kama shirika dogo la kukopesha watu wajenge nyumba. Ilikaribia kufa mapema miaka ya 1990. Ilifufuka kwa kuwafuata watu ambao mabenki makubwa hayakuwataka, wakiwemo wakulima wadogo wa chai na kahawa, na ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004. Kwa hivyo zile pesa zilizokuwa zikipitia kwa karani wa fakitori zilihamia kaunta ya benki. Na kule pesa zilikohamia, ndiko karo ilikoanza kuombwa.

Tangu 1998 Equity ilianza kuchukua wanafunzi bora wa mtihani wa kidato cha nne, mvulana na msichana, kutoka wilaya ilizohudumia. Kumbuka enzi hizo ukimaliza sekondari ulikaa nyumbani karibu miaka miwili ukingoja kuitwa chuo kikuu cha umma. Benki iliwapa kazi katika kipindi hicho. Kijana alivaa tai, akahesabu pesa za watu, akajiwekea zake za chuo. Hapo shule, biashara na chuo kikuu viliunganishwa na kitu cha kawaida kabisa: mshahara.

Mwaka wa 2010 ukaja mpango mkubwa, Wings to Fly, pamoja na Wakfu wa Mastercard na baadaye wafadhili wengine wa nje. Huu ndio wa masanduku ya bati. Unalipa karo ya shule ya bweni, sare, vitabu, nauli na pesa za matumizi, pamoja na mikutano ya malezi wakati wa likizo. Fomu huchukuliwa kwenye tawi la benki. Kamati ya eneo, yenye watu wa benki, wa elimu, wa dini na wa utawala, huita familia kwa mahojiano, na nyumba hutembelewa ili kuthibitisha hali. Maelfu wamepita humo, wasichana kwa wavulana. Msichana wa Mbeere ambaye fakitori haikuwahi kumwandikia barua anaweza kuandikiwa leo. Hilo nalisema waziwazi, kwa sababu wanaotamani enzi za kahawa husahau kwamba enzi zile msichana huyo hakuwepo kwenye kitabu.

Kulikuwa na nambari mlangoni, lakini. Ilikuwa alama 350 kati ya 500 katika KCPE. Mimi nilipata 341. Nilisoma sekondari ya kutwa, nikalipiwa kidogo na basari ya eneo bunge na zaidi na chai ya mama. Simlaumu mtu kwa zile alama tisa, mstari lazima upite mahali. Ninachosema ni hiki: mstari wa alama unatafuta werevu walio maskini, wakati mstari wa fakitori ulitafuta wanachama walioishiwa. Mtoto wa kawaida, yule wa alama 300 ambaye angekuwa fundi umeme mzuri, nesi mzuri au mwalimu mzuri, aliingia katika ule wa pili na anaachwa na wa kwanza. Serikali ilipoanzisha ufadhili wa Elimu mwaka wa 2020 kwa pesa za Benki ya Dunia, kiwango kilishuka hadi 280 kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. Pesa zikiwa za umma, mlango hupanuka kidogo.

Tofauti ya pili ni nani anaruhusiwa kuuliza swali. Mwanachama wa kahawa alikuwa na mkutano mkuu wa mwaka. Angesimama, aseme kamati imekula, adai hesabu, apige kura waondoke. Mfadhiliwa hana mkutano kama huo. Ana hafla, na kwenye hafla kazi yake ni kushukuru. Ukitaka kuona jambo hili likiwa na uzito, shuka Mbeere hadi mto Tana. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Watu walihama, malisho yakazama, taa zikawaka Nairobi. KenGen inatoa ufadhili wa masomo kwa wanafunzi wa maeneo hayo, na ni jambo jema. Lakini je, ule ni msaada au ni kodi ya pango? Neno utakalochagua ndilo litaamua kama mzazi wa Kiambere anaingia ofisini kuomba au kudai.

Vyuo vikuu sasa viko mlangoni kwetu. KeMU ya Wamethodisti ilianza mwaka wa 1997. Chuo Kikuu cha Embu kilianza 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Nairobi na kupata hati yake 2016. Chuka na Meru vilipata zao 2013. Mtoto wa Runyenjes anaweza kulala kwao na kusoma digrii. Umbali umekwisha, kilichobaki ni tarehe.

Nieleze kwa mfano ninaoujua. Niliacha chuo mwaka wa pili. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu mambo haya yako karibu kila mahali. Mama ana chai. Bonasi ya chai huja karibu na Oktoba. Mtihani ulikuwa Aprili, na bila kumaliza karo hupati kadi ya mtihani. Pesa zilikuwepo, zilikuwa tu kwenye mwezi mwingine. Nilipeleka risiti za kila mwezi za majani ya mama hadi ofisi ya fedha. Yule dada wa dirishani alizitazama kwa huruma ya kweli, akaniambia mfumo hauna mahali pa kuziweka.

Hapo ndipo nilipoelewa vizuri mkebe wa Shosh. Risiti zake na zangu ni karatasi za aina moja. Zake zilikuwa na mtu wa kuzisoma.

Tangu 2023 mambo yamepata jina jipya. Chini ya utaratibu mpya wa ufadhili wa vyuo, kila mwanafunzi anajaza fomu mtandaoni, mfumo unapima umaskini wake na kumweka kwenye moja ya bendi tano. "Uko bendi gani?" imekuwa salamu hosteli. Nimekutana na vijana hapa Nchiru wenye mama mmoja, shamba moja, na bendi tofauti. Rufaa ipo, lakini inapelekwa kwenye mfumo uleule. Hakuna karani anayekujua, anayeweza kuandika kwamba huyu kilo zake ziko hapa, mvumilieni.

Na mwaka huohuo wa 2023 KCPE ilifanywa mara ya mwisho. Ile nambari 350 imezikwa na mtihani wake. Kila mfadhili, awe benki, kampuni ya umeme au chuo, amelazimika kuuliza upya: tutamjuaje wa kumsaidia? Nafasi kama hii ya kubadili maswali haiji mara nyingi, na ingekuwa hasara kubwa tukibadilisha tu jina la alama.

Mimi naona mambo mawili yanayowezekana bila miujiza. La kwanza, chuo kikuu kilichojengwa katikati ya mashamba ya chai na kahawa kijue kalenda ya chai na kahawa. Kiwanda cha chai kinajua kilo za kila mkulima hadi jana, na benki inalipa bonasi hiyohiyo. Chuo, kiwanda na benki wakikaa pamoja asubuhi moja wanaweza kurudisha barua: mwanafunzi afanye mtihani Aprili, karo ikatwe Oktoba. Hakuna anayetoa sadaka hapo. La pili, kamati zinazochagua wafadhiliwa ziwe na viti vya wazazi na vya wale waliosomeshwa, na kila mwaka hesabu zisomwe hadharani, watu waulize. Wazee wetu walizoea kuuliza hata karani aliyewazidi elimu.

Fakitori ya Shosh bado ipo, karibu na mto, mabati yamepata kutu na ofisi ina kompyuta moja. Msimu uliopita walilipa vizuri kiasi. Nilipita hapo Desemba kumsaidia kubeba, nikamwuliza karani, kijana wa rika langu, kama bado wanaandikia shule barua.

"Shule za hapa karibu, ndiyo," akasema. "Mwalimu mkuu akiwa mtu anatujua."

"Na vyuo?"

Akacheka kidogo. "Bro, nitume kwa nani?"